Kidonda kimefunga, mkono bado unawaka moto: kinachoendelea ndani ya uti wa mgongo (uzi maalumu)

Fizio wa Ujiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kuna watu humu wameniomba niandike kuhusu maumivu yanayobaki baada ya neva kuumia. Naandika kwa moyo wote kwa sababu wagonjwa hawa wanateseka mara mbili: maumivu yenyewe, halafu kutoaminika. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba hapa Kigoma. Ninaowaona wengi ni vijana wa bodaboda, wakwezi wa michikichi walioanguka au kujikata kwa panga, wavuvi waliochanwa na kamba viganjani, na wazee wenye kisukari.

Chukueni kisa ambacho kila fizio anakijua. Kijana amekatwa na panga juu kidogo ya kiwiko cha mkono. Ameshonwa, nyuzi zimetolewa, kovu limefunga vizuri. Miezi inapita. Sasa mkono wa shati ukimgusa tu anaruka. Akinawa maji ya baridi alfajiri anahisi anaunguzwa. Usiku shoti zinapanda mpaka begani. Cha ajabu, sehemu hiyo hiyo ukiibonyeza pengine ina ganzi, hasikii kitu. Eksirei ikipigwa mfupa hauna tatizo. Diklofenaki amemeza mpaka tumbo linamsumbua. Hapo nyumbani maneno yanaanza: anadeka, anakwepa kazi ya kukamua mawese, au ametupiwa kitu.

Huyo kijana anasema kweli. Na ukweli wake hauko tena mkononi. Umehamia mgongoni, ndani ya ugwe, ule uzi wa fahamu unaopita katikati ya pingili.

Hali hii si mpya. Daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell na wenzake waliiandika mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, baada ya kutibu askari waliopigwa risasi kwenye neva. Majeraha yalikuwa yamepona lakini wanaume wazima walikuwa hawavumilii hata kuguswa kidogo, wengine wakitaka kitambaa chenye maji kiwe juu ya mkono muda wote. Kilichochukua miaka mingi ni kujua nani hasa anayeyaendesha maumivu hayo.

Kwa muda mrefu macho yote yalikuwa kwenye neva. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango: kwamba ndani ya ugwe wa mgongo, pale habari za ngozi zinapoingia, kuna seli zinazoamua ni kiasi gani cha maumivu kipite kwenda kwenye ubongo. Nadharia hiyo imerekebishwa mara nyingi, ila wazo kwamba uti wa mgongo unachuja maumivu limebaki. Swali likawa: lango hilo likiharibika, nani kaliharibu?

Hapa ndipo wanaingia maikroglia. Hizi ni seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Mhispania Pío del Río Hortega alizitenganisha na seli nyingine na kuzipa jina mwaka 1919. Chembe nyeupe za damu zinazaliwa kwenye uboho wa mifupa, lakini maikroglia asili yake ni kwenye kifuko cha kiini (kifuko kidogo kinachoambatana na kiinitete), kabla hata mtoto hajawa na umbo kamili tumboni, kisha zinahamia kwenye ubongo na kubaki huko. Kazi yake ni kulinda: zina matawi membamba yanayopapasa kila upande, zinakula seli zilizokufa na kupambana na vijidudu.

Sasa mkono ukikatwa, seli ya neva iliyokatwa inapeleka taarifa nyuma. Kiini chake kipo kwenye fundo kando ya pingili. Kutoka hapo seli inatengeneza protini iitwayo CSF1, na protini hiyo inasafiri mpaka ndani ya ugwe. Maikroglia zikiipata zinaongezeka idadi, zinanenepa, zinakunja matawi yake. Kwa panya hili linaonekana ndani ya siku chache tu baada ya neva kuumizwa. Maabara ya Allan Basbaum kule San Francisco ndiyo iliyoonyesha njia hii ya CSF1 mwaka 2016. Angalieni jambo moja: ugwe wenyewe haujaguswa na panga. Umepata habari tu.

Watu wa Tabora wanawajua sungusungu vizuri. Mwizi ameshakimbia, kijiji kimeshatulia, lakini walinzi bado wanapiga filimbi na kila anayepita barabarani wanamkamata, hata mama anayekwenda kisimani. Maikroglia zilizochokozwa zinafanya hivyo hivyo kwenye uti wa mgongo: mguso wa kawaida unapita pale unakamatwa na kupelekwa kwenye ubongo ukiwa umeandikwa maumivu.

Nitaendelea na namna zinavyofanya hivyo, ngoja nimalizie kazi kidogo.

Mwana wa Katonga

Nimeweka kambi hapa. Kaka yangu ana hali hiyo hiyo tangu apate ajali ya pikipiki, bega lilivutwa likashuka. Mkono hausogei halafu unauma, tukawa tunajiuliza kitu kisichosogea kinaumaje. Endelea mkuu.

Fizio wa Ujiji

Pole sana kwa kaka yako. Bega likivutwa hivyo, neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi zinaweza kunyofoka au kuvutika vibaya, na maumivu yake ni makali mno. Mkono usiosogea unaweza kabisa kuuma. Msimwambie vinginevyo.

Naendelea. Mwaka 2003 watafiti wa Japani na Kanada, Makoto Tsuda, Kazuhide Inoue na Michael Salter pamoja na wenzao, walionyesha kwamba neva ikiumizwa, maikroglia za uti wa mgongo zinaotesha kwa wingi kipokezi kiitwacho P2X4. Kipokezi hiki kinaitikia ATP. ATP ni ile kemikali inayobeba nishati ndani ya kila seli. Ikimwagika nje ya seli inasomwa kuwa ni ishara ya hatari. Walipokizuia kipokezi hicho kwa dawa, panya waliokuwa wanaondoa mguu kwa mguso mdogo wakatulia.

Halafu wakafanya kinyume, na hili ndilo lililonishika mimi nilipolisoma. Walichukua maikroglia zilizokuzwa maabara, wakazichokoza kwa ATP, wakazidunga kwenye uti wa mgongo wa panya wazima ambao neva zao hazijaguswa. Ndani ya saa chache panya wale wakaanza kuumia kwa mguso mdogo. Hakuna kidonda, hakuna neva iliyokatwa. Seli za kinga peke yake zimetosha kuleta maumivu.

Mwaka 2005 timu ya Yves De Koninck na Jeffrey Coull kule Kanada, pamoja na kina Tsuda na Salter, ikaeleza zinavyofanya. Maikroglia zikichokozwa zinatoa protini iitwayo BDNF. Hebu twende taratibu hapa. Seli ya neva inatulizwa na wenzake kwa kufunguliwa njia za kloraidi (chembe za chumvi zenye chaji hasi): kloraidi inaingia, seli inapoa, haifyatuki ovyo. Ili kloraidi iingie, ndani ya seli lazima iwe kidogo, na kuna pampu iitwayo KCC2 inayoitoa nje muda wote. BDNF inaipunguza nguvu pampu hiyo. Kloraidi inajaa ndani. Amri ya kutulia ikija, haitulizi tena, na mara nyingine inachochea. Seli za kutuliza zipo, zinatoa amri zao, lakini hazifui dafu. Ndiyo maana kitambaa laini kinakuwa adhabu.

Sasa mtaona kwa nini diklofenaki haifui dafu pia. Dawa hiyo inapunguza uvimbe na kemikali zake pale kwenye kidonda. Kloraidi iliyojaa ndani ya seli za ugwe haiigusi.

Binti Kasulu

Dada nashukuru kwa uzi huu, umenitoa machozi. Mama yangu alipata mkanda wa jeshi ubavuni. Malengelenge yalikauka lakini hadi leo kanga ikimgusa ubavu analia. Majirani wanasema ni mtu mzima anataka kuangaliwa na watoto. Nina swali: hao panya wote ni madume? Kwa wanawake inakuwa hivyo hivyo?

Fizio wa Ujiji

Binti Kasulu, mfikishie mama shikamoo yangu na umwambie maumivu yake yana jina na yanatibika kwa kiasi. Virusi vya mkanda wa jeshi ni vile vile vya tetekuwanga. Vinajificha kwenye yale mafundo ya neva kando ya pingili kwa miaka, vikiamka vinaharibu neva yenyewe. Kinachobaki baada ya malengelenge ni maumivu ya neva hasa.

Swali lako ndilo lililotikisa fani nzima. Kwa miaka mingi majaribio ya maumivu yalitumia panya madume. Mwaka 2015 timu ya Jeffrey Mogil wa Montreal, pamoja na Salter wa Toronto na wengine, ilionyesha kwamba ukizuia maikroglia za uti wa mgongo, madume wanapata nafuu na majike hawapati. Majike wanaumia sawasawa na madume, mguso ule ule, maumivu yale yale, lakini kwao kazi hiyo ilionekana kufanywa na chembe nyingine za kinga, seli T. Majike waliokosa seli T walirudi kutumia njia ya maikroglia. Mwaka 2022 watafiti wa Kanada waliojaribu kwenye uti wa mgongo wa binadamu waliotoa viungo baada ya kufariki walikuta tofauti inayofanana: BDNF ilibadilisha seli za wanaume, za wanawake haikuzibadilisha kwa namna ile.

Na mwaka 2025 maabara ya Basbaum ikaleta habari nyingine: kwenye utando unaofunika uti wa mgongo kuna seli T za kutuliza, na kwa panya majike seli hizi zinatoa enkefalini, dawa ya maumivu ambayo mwili unajitengenezea. Zikiondolewa, majike wanaumia zaidi, madume hawabadiliki. Kazi hiyo inategemea homoni za kike.

Mimi hili linaniuma. Maumivu ya neva yanawapata wanawake zaidi, na ndio wanaoambiwa upesi kwamba wanadeka. Dawa iliyopimwa kwa madume peke yake inaweza kumwacha mama yako bila kitu, kisha lawama arudishiwe yeye.

Kijana wa Urambo

Wakuu naomba nielekezwe. Nimesoma mahali kwamba kuna antibaiotiki inazima hizo maikroglia. Sisi huku tunalima tumbaku, mzee wangu aliangukiwa na gogo wakati wa kujenga bani la kukaushia tumbaku, mguu unamwaka moto. Doksi zipo kila duka la dawa. Nimpe?

Fizio wa Ujiji

Usimpe mdogo wangu.

Uliyoisoma ni minosaiklini, ndugu yake doksi. Ni kweli kwamba kwa panya ilipunguza kuchachamaa kwa maikroglia. Lakini ilizuia maumivu pale ilipotolewa mapema, kabla au mara tu baada ya neva kuumia. Maumivu yaliyokwisha kukaa haikuyaondoa vizuri. Na kama nilivyosema, kwa majike haikusaidia. Ilipopelekwa kwa binadamu kwenye majaribio machache, matokeo yalikuwa hafifu. Kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa neva ya kiganja haikuharakisha kupona. Dawa nyingine ya kutuliza seli hizi, propentofilini, ilijaribiwa kwa watu wenye maumivu yaliyobaki baada ya mkanda wa jeshi ikashindwa kabisa. Kwa hiyo mpaka leo hakuna dawa ya maumivu ya neva inayofanya kazi kwa kuzima maikroglia ambayo mzee anaweza kuandikiwa.

Mzee atameza antibaiotiki bila sababu, siku akipata nimonia au kidonda kibaya vijidudu vimeshazoea.

Zilizopo na zinazosaidia ni hizi: amitriptilini, gabapentini, pregabalini na duloksetini. Karbamazepini ina nafasi yake hasa kwa maumivu ya neva ya usoni. Amitriptilini ni ya bei nafuu na inapatikana mpaka hospitali za wilaya. Inaanzwa kidogo kidogo, kawaida miligramu 10 au 25 usiku, daktari akiongeza taratibu. Nafuu haiji siku ya kwanza. Ipeni dawa wiki kadhaa. Wengi wanaacha kwa sababu wameambiwa dirishani kwamba ni dawa ya msongo wa mawazo, wanaona wamedharauliwa. Ni kweli inatumika huko, kwa dozi kubwa zaidi. Huku inaimarisha njia zinazoshuka kutoka kwenye ubongo kwenda kutuliza uti wa mgongo.

Nisiwadanganye: takriban watu 4 wakiitumia, 1 ndiye anayepata nafuu ya nusu ya maumivu au zaidi ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa. Ni kidogo, lakini kwa mtu asiyelala, nusu ni kubwa. Na mzee mwenye tatizo la moyo, presha ya macho au kukojoa kwa shida lazima daktari ajue kabla hajapewa.

Mlima wa Heru

Mimi nitasema tofauti. Shemeji yangu alihangaika hospitali akashindwa, akapelekwa kwa mtaalamu wa asili akachanjwa chale mguuni, baada ya muda akapona. Hamuwezi kusema kila kitu ni seli.

Fizio wa Ujiji

Ndugu yangu, nafurahi shemeji amepona na sina sababu ya kumbeza mzee aliyemsaidia kwa nia njema. Ila naomba tulitazame jambo hili pamoja.

Wako watu maumivu yao ya neva yanapungua yenyewe. Mwaka 2022 timu ya Tsuda, Chuo Kikuu cha Kyushu, ilionyesha kwa nini kwa panya. Wiki kadhaa baada ya jeraha linatokea kundi jingine la maikroglia, lenye alama ya CD11c, linalotoa protini ya IGF1. Hilo ndilo linaloshusha maumivu. Panya walioondolewa kundi hilo hawakupona. Walioondolewa baada ya kupona, maumivu yaliwarudia. Kwa hiyo seli za aina moja zinawasha na pia zinazima. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari hii, kwa sababu linaonyesha kwamba kuziua maikroglia zote ingekuwa hasara.

Sasa mtu akichanjwa wakati mwili wake umeshaanza kushuka, sifa itakwenda kwa chale. Hofu yangu iko mahali pengine. Mguu wenye neva mbovu mara nyingi una ganzi. Wembe, dawa ya moto au chuku kwenye ngozi ya ganzi vinaacha kidonda ambacho mwenyewe hakisikii, na kama ana kisukari anaweza kupoteza mguu. Na wiki zile za mwanzo ndizo za thamani. Neva iliyokatwa ikiunganishwa mapema inaota takriban milimita 1 kwa siku. Ukichelewa, misuli inayeyuka kabla neva haijafika.

Mlima wa Heru

Hapo kwenye ganzi nimekuelewa. Hilo la kidonda nimeliona kwa macho yangu kwa mtu mwingine.

Tabibu Mstaafu

Mwalimu hapo juu ameeleza vizuri. Naongeza machache ya wodini. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazidi akianza kuwaka moto miguuni, aseme mapema. Dawa hiyo inamaliza vitamini B6 mwilini na ndiyo maana anapewa piridoksini. Lakini vidonge vya neva vinavyouzwa kiholela visimezwe miezi na miezi, maana B6 ikizidi sana nayo inaharibu neva.

Na hili lisisubiri hata asubuhi: maumivu ya mgongo yanayoshuka miguuni, pamoja na ganzi sehemu za kukalia, au mkojo kugoma au kutoka wenyewe. Huyo akimbizwe hospitali usiku huo huo. Hapo neva zimebanwa, na kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kupona.

Binti Kasulu

Asante tabibu. Dada Fizio, mazoezi yanasaidia nini kama tatizo liko kwenye uti wa mgongo?

Fizio wa Ujiji

Yanasaidia kwa sababu uti wa mgongo na ubongo vinajifunza kutokana na kinachoingia. Mtu akiuficha mkono miezi mingi, viungo vinakakamaa, ubongo unazidi kuuogopa. Tunaanza na kuzoesha ngozi: pamba laini pembeni ya sehemu inayouma, dakika chache, mara kadhaa kwa siku, halafu kanga, halafu taulo. Usiparamie pale panapowaka. Kwa mama, aanze mbali na ubavu unaouma, asogee kidogo kidogo kadiri anavyovumilia, na avae nguo ya pamba isiyocheza cheza juu ya ngozi. Kwa aliyekatwa mkono au mguu na bado anausikia unauma, tunatumia kioo: anauona mguu mzima ukisogea mahali pa ule usiokuwepo. Si kila mtu anafaidika, ila hakina gharama na hakina madhara makubwa. Usingizi nao mpiganieni. Asiyelala anaumia zaidi kesho yake.

Mwana wa Katonga

Nimemsomea kaka uzi wote. Amesema ni mara ya kwanza mtu anaeleza anachokisikia. Tunampeleka wiki hii. Aseme nini akifika, maana kila akienda anapewa diklofenaki nyingine?

Fizio wa Ujiji

Asiseme "mkono unauma" tu. Aseme: unawaka, shoti zinapita, nguo ikigusa inauma, na hapa kuna ganzi. Aonyeshe kwa kidole ganzi inaanzia na kuishia wapi. Aseme ajali ilitokea lini. Aulize wazi: je, haya ni maumivu ya neva, na je, kuna haja ya kuonana na daktari wa upasuaji wa mifupa au neva? Maneno hayo yanabadilisha kinachoandikwa kwenye faili. Na wewe uingie naye chumbani, maumivu makali yanamfanya mtu asahau.

Mzee wa Isevya

Wanangu, mimi niko Tabora mjini. Nina kisukari cha muda mrefu. Nyayo zinawaka usiku, nikizitoa nje ya shuka napata ahueni. Mchana nikivaa kandambili inavuka nisijue. Hii ni neva pia?

Fizio wa Ujiji

Shikamoo mzee. Ndiyo, dalili zako zote mbili, kuwaka na kutojua kandambili imevuka, zinaelekeza kwenye neva zilizoathiriwa na sukari. Karibu nusu ya watu wenye kisukari hufikia hali hiyo kwa miaka. Kliniki ijayo waeleze haya mawili na waombe wakupime miguu, wakuguse nyayo kwa uzi mwembamba wa kupimia hisia. Kwa sasa acha kandambili, vaa viatu vilivyofunika vidole, na uviangalie ndani kabla ya kuvivaa. Maji ya kuoga apime mtu mwingine kwa kiwiko. Kila jioni mjukuu akuangalie nyayo na katikati ya vidole kwa mwanga mzuri. Akiona hata mchubuko mdogo, usisubiri siku ya kliniki. Na uniandikie hapa sukari yako ya asubuhi imekuwa ikisoma ngapi.